Kichuguu Kilichobaki Ndani ya Tuta

Mlinipa dakika tano za kuaga. Tatu nilizitumia kushukuru kwa vitenge na saa ya ukutani, na mbili zilizobaki nilizipoteza nikitafuta namna ya kuanza jambo ambalo, nikilipima sasa, linahitaji kurasa kadhaa. Basi ninaliandika nikiwa nyumbani Mandewa, mezani pa chakula, kwa ajili yenu mnaobaki katika kazi ya malambo. Vyeo na mishahara yangu vimo kwenye jalada. Atakayependa kuvisoma aombe kwa masijala, na ninamtakia subira. Mimi ninataka kueleza kwa nini mmenizoea kama mama mkorofi anayesimamisha gari porini ili azunguke kila kichuguu mara mbili, na kwa nini baadhi yenu mlikuwa mkiniita Mama Vichuguu mkidhani sisikii.

Niliripoti kazini Singida mjini nikiwa na shahada ya uzamili. Utafiti wangu ulihusu namna maji yanavyopenya katika udongo ulioshindiliwa, na nilikuwa nimeuandika kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mimi ni mtu wa kufikiri jambo hadi linachoka. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa fundi sanifu aliyeitwa Mzee Mghenyi, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa kofia ya sufu hata mchana wa Oktoba. Nilimwamkia, akaitikia, akanipeleka nyuma ya ofisi palipokuwa na mafungu matatu ya udongo.

"Injinia, onja," akasema.

"Nionje nini, mzee?"

"Udongo. Usimeze. Mchanga utausikia kwenye meno. Ule wa vumbi utakuwa kama unga. Ule tunaoutaka utakung'ang'ania ulimini kama mgeni aliyesikia harufu ya kuku."

Chuoni tulikuwa na chekeche za shaba na tanuri la kukaushia. Nilionja. Mafungu mawili niliyapata, la tatu nikalikosea, naye hakucheka. Aliniambia tu ninywe maji. Wiki iliyofuata alinifundisha kupima usawa kwa mpira mrefu unaopitisha mwanga, uliojazwa maji, watu wawili wakishika ncha. Kisha akanifundisha chupa. Chini ya kila tuta la udongo, alisema, maji kidogo hutoka, hilo lisikutishe. Kinga kwa chupa ya soda tupu, iweke mahali tulivu, ngoja. Yakibaki meupe, tuta linatoka jasho. Yakituamisha tope, basi lile tope ni tuta lenyewe, linaondoka. Niliyaandika hayo kwenye daftari na chini yake nikaongeza mlinganyo. Mlinganyo ulikuwa sahihi. Sijawahi kuuhitaji.

Katika mwaka wangu wa tatu alikuja ofisini mkulima na mfugaji mmoja, Mzee Njiku, kutoka kijiji kilichoko ndani kidogo ya barabara, kati ya Ikungi na Mkiwa. Alitaka lambo lake mwenyewe. Hakuomba msaada wa serikali isipokuwa utaalamu, yaani mimi, Mzee Mghenyi, na gari letu ambalo siku nyingi liliwaka kwa kusukumwa. Alikuwa na eneo zuri: korongo dogo linalopita katikati ya miinuko miwili ndani ya shamba lake, udongo mwekundu unaonata, na mawe makubwa upande wa kulia ambako tungeweza kuweka utoro. Utoro, kwa wale mlioajiriwa juzi, ni ile njia tunayoiacha chini kidogo ya kilele cha tuta ili maji ya ziada yatoke kando badala ya kupita juu na kulila tuta. Upande wa kushoto, mahali hasa ambapo tuta lilipaswa kushikana na mwinuko, palikuwa na kichuguu kirefu kuliko mimi, na upana wake ulikaribia chumba kidogo.

Mzee Njiku aliitisha kazi kwa desturi ya kwao. Mwenye kazi huchinja na kupika pombe ya uwele, na togwa kwa wasiokunywa. Majirani huja na majembe, masururu na makarai yao. Kushindilia tulishindilia kwa kwato. Udongo ulimwagwa kwa tabaka la shibiri moja, ukanyunyizwa maji yaliyoletwa na punda, kisha ng'ombe wa kijiji kizima wakapitishwa juu yake, huku na huku, kabla ya kwenda malishoni. Mzee Mghenyi alitembea nyuma yao akitazama chini. Nyayo zikiacha alama ya kwato tu bila kuzama, aliinua mkono, na tabaka jingine likaanza. Nimeona mashine nyingi tangu wakati huo. Chache zimeshindilia vizuri hivyo, na hakuna hata moja iliyotuachia samadi.

Tulipofika upande wa kushoto, mabishano yakaanza.

"Hiki kitolewe," alisema Mzee Mghenyi, akikigonga kichuguu kwa mpini wa sururu.

Mzee Njiku alishangaa kweli. "Kitolewe? Nyumba yangu nzima nimeisakafia kwa udongo wake. Matofali ya mdogo wangu yametoka hapa hapa. Kimepigwa na mvua tangu baba yangu hajaoa, na hakijapungua. Leo tubomoe kigumu ili tujenge kilaini?"

"Ndani kina wenyewe. Na wenyewe wana vyumba, na vyumba vina milango."

"Mchwa walishahama, Mghenyi. Labda wamehamia kwako."

Watu wakacheka. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Kukitoa kungechukua siku nne au tano za masururu, na majirani walibakiza siku tatu kabla ya kurudi kutayarisha mashamba yao. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilichukua sampuli, nikaipeleka mjini, nikaipima kwa kila kipimo nilichokuwa nacho. Udongo ulikuwa bora kuliko wote tuliotumia: ulinata, haukupitisha maji, haukupasuka ulipokauka. Nikaandika maelezo ya kitaalamu ya kurasa nne, yenye michoro miwili, nikithibitisha kwamba kichuguu kiachwe kiwe sehemu ya tuta. Ninawaomba mzingatie idadi hiyo ya kurasa. Uamuzi sahihi wa ukubwa ule ungetosha kwenye mistari miwili. Nilipima udongo wa kichuguu. Kichuguu chenyewe sikukipima.

Mzee Mghenyi alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama. "Umeandika vizuri," akasema, akanirudishia. Hakurudia neno lake. Mimi nilikuwa mkubwa wake kwa cheo, na yeye alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Kuna jambo jingine nililoliona wakati ule, nikaliandika, nikalipita. Ng'ombe walipofika penye kichuguu walikizunguka. Hakuna ng'ombe anayepanda kitu kama kile kwa hiari. Kwa hiyo pale ambapo udongo wetu mpya uligusana na kichuguu, kwa upana wa hatua mbili hivi, kwato hazikupita. Niliagiza watu washindilie kwa magogo. Walishindilia, lakini nyama ilikuwa imeshaiva, na wimbo wa kazi ulikuwa umehamia penye vyungu.

Msimu wa kwanza mvua zilikuwa chache, lambo likajaa nusu. Msimu wa pili likajaa zaidi kidogo. Ng'ombe wa Mzee Njiku, ambao zamani walitembea siku nzima kutafuta maji wakati wa kiangazi, sasa walikunywa nyumbani. Chini ya tuta, shemeji yake, mke wa mdogo wake aliyekuwa amefariki, alijenga nyumba na kulima vitunguu. Jina lake Mama Rehema. Alikuwa na ulimi mkali na vitunguu vizuri, na kila nilipopita alinipa vyote viwili. Mzee Mghenyi alistaafu katika kipindi hicho. Nilianza kupeleka wageni wa ofisi kuona lile tuta.

Msimu wa tatu ulinyesha kweli. Asubuhi moja Mama Rehema aliingia ofisini kwetu Singida, kanga zimemlowa hadi magotini, akiwa amepanda lori la watu wa mnada.

"Shikamoo" yangu hakuisubiri. "Mwanangu, yale maji ninayochota chini ya tuta yamegeuka uji. Shemeji anasema ni mvua. Mimi mvua ninaijua, haichagui shimo moja."

Nilichukua chupa njiani. Tulifika saa nne hivi. Lambo lilikuwa limejaa pomoni, na maji yalipita kwenye utoro taratibu, kama yalivyopaswa. Ungelitazama kutoka juu ungelipiga picha. Lakini chini, upande wa kushoto, palikuwa na tundu la ukubwa wa dole gumba, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Nilikinga, nikaiweka chupa juu ya jiwe. Sikuhitaji kungoja. Tope lilishuka mbele ya macho yangu hadi likafika robo ya chupa.

Mzee Njiku alikuwa tayari kazini. Yeye na majirani wanne walikuwa wakijaza magunia kwa udongo na samadi ili walizibe lile tundu kwa chini.

"Shikamoo mzee. Naomba msizibe."

"Marahaba. Tusizibe? Tuache livuje?"

"Ukiziba hapa, maji yatatafuta pengine humo ndani, na hapo hatutayaona. Tunaweka kokoto na mchanga mdomoni, yatoke lakini yasibebe udongo. Halafu tunashusha maji ya lambo. Tunakata utoro uende chini, leo hii."

Aliacha gunia. Kukata utoro maana yake ilikuwa kuyaachia maji ya kiangazi kizima yaende. Nilijua alichokuwa akihesabu: zile safari za ng'ombe, na wale ambao safari zingewashinda. Alinijibu kwa upole, jambo lililonitisha zaidi.

"Binti yangu, tuta ni zima. Lina kasoro pahali pamoja. Ni wale vijana wa upande wa shemeji, walioshindilia na magogo wakiwa wamelewa. Niliwaona. Uvivu wa watu watatu usinipotezee maji yote. Tutapaziba, tutapapigilia upya mvua ikikatika."

Hapo ndipo penye kazi yote niliyoifanya katika maisha yangu, na ninaomba mnivumilie nikipaeleza polepole. Alikuwa amenipa maelezo ya kutosha. Yalikuwa na ukweli ndani yake. Hata kwenye daftari langu magogo yalikuwemo. Ningeweza kuyakubali, kisha nikaendelea kumbembeleza kuhusu utoro. Lakini kadiri alivyoamini kwamba kosa ni la wale vijana, ndivyo alivyoamini kwamba magunia yangetosha, kwa sababu uvivu wa watu watatu ni kitu kidogo, kinazibika. Alikataa kukata utoro kwa sababu alikiamini kile kichuguu, na alikiamini kwa sababu mimi nilikiandikia kurasa nne. Nilisimama pale nikiyapanga haya kwa utaratibu, kama ninavyoyapanga sasa, na wakati nikiyapanga tundu likafikia ukubwa wa ngumi.

"Mzee," nikasema, "si wale vijana. Ni mimi."

"Wewe hukushika gogo."

"Nilishika kalamu. Kichuguu kina njia ndani, za mchwa wa zamani. Maji yamezipata. Magunia hayawezi kuzijaza, hatujui ziko ngapi wala zinatokea wapi. Kilipaswa kutolewa. Mzee Mghenyi alisema kitolewe."

"Alisema mbele yangu."

"Alisema. Nikaandika kwamba kibaki. Nilikosea."

Mvua ilikuwa imepungua, na watu wote wanne walikuwa wameacha kujaza magunia.

"Nikikata, kinabaki nini?"

"Tuta. Na maji ya mwezi mmoja, labda miwili."

"Nisipokata?"

Nilitazama nyumba ya Mama Rehema, ambayo kutoka pale tulipokuwa ilionekana paa tu, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono kiunoni.

"Shemeji," akasema, "mimi kuogelea sijui. Na kwetu hakuna wa kunifundisha, maana maji yenyewe hatukuwa nayo."

Mzee Njiku alichukua sururu kwa jirani yake, akapanda tuta, akavuka hadi upande wa kulia, akapiga pigo la kwanza mwenyewe. Nilimfuata kuonyesha mahali: katikati ya mawe, mbali na udongo wetu, ili maji yanayotoka yasije yakajichimbia njia yasiyopangiwa. Mama Rehema alihamisha watoto na mbuzi kwenda kwa jirani wa juu. Tulikata kwa zamu, tukitanguliza mawe chini ili maji yashuke kwa hatua. Kokoto tulizibeba kwa makarai hadi kwenye lile tundu. Mchana ulipita bila mtu kutaja chakula. Alasiri, maji ya lambo yakiwa yameshuka kwa urefu wa mtu, tundu likapunguza kasi. Chupa ya nne ilituamisha unene wa kidole tu. Kabla ya jua kuzama kichuguu kikadidimia katikati. Kilibonyea taratibu, bila kishindo, na juu yake pakabaki shimo ambalo ndama angeweza kuingia. Nyuma yake hapakuwa tena na maji ya kulisukuma tuta. Asubuhi ile yalikuwepo.

Nyumba ya Mama Rehema ilibaki. Vitunguu vyake vyote vilibaki. Mzee Njiku alisimama kwenye utoro akitazama maji yakienda bondeni kwa watu wasiokuwa na pa kuyaweka. Nilimuaga, naye aliitikia kwa kichwa.

Kiangazi kile aliwapeleka ng'ombe kwa jamaa zake upande wa Manyoni. Sita hawakurudi. Ninaitaja idadi hiyo kwa sababu taarifa za ofisi haziwezi kuitaja. Hakuna fomu yenye nafasi ya ng'ombe waliofia njiani kwa sababu ya maelezo ya kitaalamu. Wapo miongoni mwenu watakaosema kwamba tuta lingebomoka tungepoteza zaidi. Nimeifanya hesabu hiyo mara nyingi, na kila mara inatoka sahihi. Hainisaidii.

Mkubwa wangu wa wakati huo, mtu mwema, alinishauri niandike kwamba chanzo kilikuwa mvua zisizo za kawaida. Mvua hazina mwakilishi, alisema, haziwezi kulalamika. Nikaandika kichuguu, nikaandika jina langu, nikaambatisha zile kurasa nne. Kisha nikaenda kwa Mzee Mghenyi nyumbani kwake kumweleza. Alisikiliza yote. Niliposema, "Ungenikatalia, mzee," alivua ile kofia kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akajikuna kichwa.

"Hilo na mimi ninaliwaza," akasema. "Nilisema mara moja. Ilikuwa ya kusema mara mbili."

Kwa hiyo, ninyi mafundi sanifu, semeni mara mbili. Na ninyi mainjinia, mkiona mmeandika kurasa nne kutetea kitu ambacho fundi amekikataa kwa neno moja, rudini kazini mkakitazame tena. Huo ndio ushauri wangu wa kiufundi. Mengine mtayakuta vitabuni.

Miezi ile niliandika ombi la kuhamishwa kwenda kazi ya takwimu, nikalichapa, nikaliweka kwenye mtoto wa meza. Nilikuwa nimeshindwa kupita penye tuta lolote, hata la mtu mwingine. Usiku sikulala vizuri na mchana sikuamua lolote. Mwombaji wa kawaida alipouliza kama eneo lake linafaa, nilimpa majibu matatu.

Mwishoni mwa kiangazi, nikiwa chumba cha majalada, nilisikia sauti ya Mzee Njiku mapokezi. Alikuwa amekuja kuomba mtaalamu wa kumsimamia arudishie tuta lake. Karani wetu, aliyejua habari yote kama ofisi nzima ilivyojua, alijitahidi kuwa mwungwana.

"Mzee, tuna injinia mwingine sasa. Kijana hodari, ametoka chuoni juzi tu. Nitakupangia huyo."

"Huyo amewahi kukosea?"

"Hapana, mzee. Ndiyo kwanza anaanza."

"Basi akaanzie kwa wengine," akasema Mzee Njiku. "Mimi nipe yule aliyekosea kwangu."

Nilitoka na jalada mkononi, nikapiga goti kidogo kumwamkia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaishia kwenye viatu vyangu vya ofisini.

"Marahaba. Tafuta viatu vya kazi," akasema. "Kichuguu chako bado nusu yake imesimama. Twende ukakitoe."